Macho ya Malkia wa Ukungu

Kisangani, 4 Septemba 1979

Papa Lukumani ameukubali mti. Asubuhi nzima ameuzunguka, ameugonga kwa ngumi, ameunusa, mwisho akasema iko muzuri. Ningekuwa mimi ningeshaanza zamani. Lakini mimi si mchongaji, mimi ni mtu wa rangi, na mtu wa rangi kazi yake ya kwanza ni kungoja.

Mti ni wa kambala, urefu wake unanifika kifuani, na humo ndimo atatoka Malkia wa Ukungu. Ni yule wa sinema. Filamu yenyewe ilikuja na mashua ya Kinshasa mwaka juzi na mpaka leo haijarudi kwa wenyewe. Kwenye sinema ya Makiso wanaionyesha kila mara na watu wanaijaza kana kwamba hawajui mwisho wake. Sisi wawili tunakula kwa sinema hiyo. Tumeshamtengeneza mbwa mwenye mkia wa samaki, ndege mwenye mikono ya mtu, na wale askari wasio na vichwa. Karibu wote wako kwa Monsieur Lambert, mwalimu Mbelgiji wa kampasi ya chuo kikuu, ambaye amezijaza rafu zake sanamu zetu na kuzipanga kwa namna zinavyotokea kwenye filamu. Eti kwao kuna watu wengi wenye kukusanya vitu kama hivi, na wanaoneana wivu.

Sasa mkataba wake unaisha. Anataka aondoke na Malkia mwenyewe, maana mwakani wakusanyaji hao wana maonyesho yao, na chini ya sanamu kutakuwa na kibao chenye majina yetu. Jina langu, Adèle, huko Ulaya. Kwenye kitambulisho nimeandikwa jina la bibi yangu, kwa sababu serikali haitaki majina ya watakatifu, lakini kibao kitakuwa mbali na huko hakuna wa kuniita ofisini.

Papa Lukumani hachongi macho. Ni Mwislamu, wa familia zile za zamani zilizofika hapa na biashara kabla ya Wabelgiji, na baba yake alimfundisha kwamba kiumbe usikikamilishe, usije ukaambiwa siku ya mwisho ukipe pumzi. Mahali pa macho anapalainisha tu, na mimi Mkristo wa Kindu ninayaweka kwa rangi. Ndivyo tulivyogawana kazi tangu nilipofiwa na mume wangu na kuingia katika atelye hii, karakana yake. Mwili wake, macho yangu.

7 Septemba

Mvua.

8 Septemba

Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Tumefagia mifereji ya barabara mpaka saa nne, kisha mvua ikaijaza matope tena. Ndiyo nchi yetu.

13 Septemba

Tumekwenda kuitazama filamu tena, kwa ajili ya kazi. Feruzi, anayeendesha mashine ya sinema, alituingiza kwa mlango wa nyuma. Nilimsihi asimamishe picha pale Malkia anapofungua macho, akakataa, eti filamu ikisimama mbele ya taa inaungua. Lakini ana roho nzuri. Mahali hapo filamu imeshakatika mara nyingi kwa unyevu, na vipande vilivyobaki alivitia kwenye kopo la maziwa. Amenipa kimoja. Ukikiinua juani unamwona Malkia, mdogo kama ukucha, na macho yake ya manjano yenye mstari mweusi katikati. Macho mabaya sana. Nimeyapenda mara moja.

Papa Lukumani hakukitaka hata kukiangalia. Akasema ameshamwona vya kutosha.

22 Septemba

Kichwa kimetokea kwenye mti, na bon, lazima niseme ukweli: hafanani. Malkia wa sinema ana uso mwembamba na pua ya kisu. Huyu wa kwetu ana mashavu, ana pua ya watu wanaokula lituma ya ndizi. Nimemwambia hivyo hivyo. Nimemwambia Monsieur Lambert atadhani tumemchonga muuza ndizi za makemba wa sokoni. Papa Lukumani alicheka mpaka akaweka patasi chini. Mtu huyu hacheki mara nyingi, na mimi sikuona cha kuchekesha.

28 Septemba

Umeme hakuna tangu jana. Wanasema ni kule kwenye barrage, bwawa la umeme la Tshopo. Mvua.

5 Oktoba

Ameanza tabia mpya. Jioni tukifunga kazi, anamfunika Malkia kwa kitenge cha zamani cha dada yake Nyota, anayekaa nyuma ya atelye. Wale wanyama hakuwahi kuwafunika. Nilidhani ni aibu ya dini, kwa sababu huyu ni umbo la mtu na wale wengine walikuwa mazimwi tu.

Na ananitazama. Nikikaa kwenye kigoda changu kando ya dirisha nikipaka ndege wa mteja mwingine, nikigeuka ghafla namkuta ameinua macho kutoka kwenye kazi yake. Nikamuuliza kama anafikiri nitaiba rangi. Akasema nisigeuke-geuke, mwanga unakatika. Jambo lile lilinikera siku nzima. Miaka yote hii, leo ndiyo ananikagua?

11 Oktoba

Mvua. Yeye anasugua shavu moja tangu Jumatatu.

14 Oktoba

Tumegombana. Yaani mimi nimegombana, yeye alikuwa akisugua. Nimemwambia kwa mwendo huu Monsieur Lambert ataondoka mikono mitupu na kibao chetu kitabaki hewani. Nimemwambia wengine wanachonga kichwa kwa siku mbili na kula vizuri. Nimesema pia, na hili sikupaswa kulisema, kwamba anachelewesha makusudi kwa sababu macho ndiyo yatakayosifiwa na macho ni ya kwangu.

Alipangusa vumbi shavuni pa Malkia. Akasema kahawa inapoa.

20 Oktoba

Msiba. Asubuhi amekuja mtu wa pirogi, mtumbwi wa makasia, na habari kwamba kaka mkubwa wa Papa Lukumani, aliyekuwa na biashara ya samaki Basoko, amefariki. Mashua inayoshuka ilikuwa inaondoka leo leo, kwa hiyo mambo yamekwenda haraka. Nyota analia nyuma, mimi namfungia Papa Lukumani mikate na chumvi, na yeye anamaliza kumsugua Malkia shingo, kana kwamba mashua itamngoja.

Alipomaliza alimfunika. Kisha akasimama mbele yangu na kofia mkononi, akasema:

“Mama Adèle, macho ya huyu usiguse. Ungojee mimi. Nikirudia tutaifanya sisi wawili.”

Nikamuuliza tangu lini yeye anafanya macho. Akasema si yeye atakayefanya, ni mimi, lakini yeye awepo. Nikaitikia. Nilimsindikiza mpaka bandarini chini ya mvua, na hakusema neno jingine ila kuniambia nirudi, nitaugua.

27 Oktoba

Atelye kimya. Nimepaka mbwa wawili.

3 Novemba

Hakuna mashua ya kupanda. Wanasema imekwama kwenye mchanga huko chini, wengine wanasema haina mazut ya kuwasha injini. Mvua asubuhi, mvua jioni.

Nimefunua kitenge kumwangalia Malkia. Kazi ni nzuri, siwezi kukataa. Ngozi ya mti imekuwa laini mpaka mkono unateleza. Lakini uso bila macho unanitia wasiwasi, nikamfunika upesi.

10 Novemba

Monsieur Lambert amekuja na matope mpaka magotini. Vyombo vyake vinapaswa kushuka na baji ya mizigo ya tarehe kumi na sita, naye atafuata kwa ndege. Nimemwonyesha Malkia. Alizunguka, akakaa chini, akavua miwani, akaisafisha, akaivaa tena. Mwisho akasema hafanani hata kidogo na yule wa filamu, na kwamba kati ya vyote tulivyomfanyia, hiki ndicho atakachokiweka peke yake.

Nikamweleza habari ya macho na msiba. Yeye akasema kama Papa Lukumani hatarudi mapema, atamchukua vile alivyo. Hata bila macho, kwake ni sawa. Alisema kwa upole na nilijua anasema kweli.

Nimeandika jambo hili waziwazi ili baadaye nisije nikajidanganya: hakuna anayenilazimisha.

14 Novemba

Hakuna mashua.

Siwezi kulala kwa kuwaza kibao kile. Lukumani na Adèle, halafu watu wanasogea, wanamwona mwanamke asiye na macho, wanaulizana, sasa huyu Adèle alifanya nini? Watasema mafundi wa Zaïre hawamalizi kazi. Nimemwambia Nyota hivyo tulipokuwa tukitwanga pondu, majani ya muhogo, naye akanijibu kaka yake alisema ningoje. Nikamwambia kaka yake hajui kalenda. Akanitazama kwa namna ya ajabu, akaendelea kutwanga.

15 Novemba

Nimefanya, na nitaandika yote.

Saa mbili asubuhi nimefungua dirisha, nimemfunua, nimekitundika kile kipande cha Feruzi kwenye uzi mbele ya mwanga. Nimechanganya manjano mpaka ikawa ile ile ya sinema, yenye kijani kidogo ndani. Mkono wangu haujawahi kutulia vile. Nilipoweka mstari mweusi wa katikati, jicho la kwanza likaniangalia, na nikasema peke yangu, Adèle, wewe si mchezo. Jicho la pili likaja kirahisi zaidi. Saa tano nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa na furaha, siwezi kuficha. Nilitoka nje nikamwita Nyota aje aone kazi ya mtu anayejua.

Nyota aliingia akijifuta mikono. Hakusimama mbele ya sanamu kama nilivyosimama mimi. Alikwenda kukaa kwenye benchi la kaka yake, mahali anapokaa siku zote, akamwangalia Malkia kutoka pale. Kisha akasema:

“Sasa weye, kwa nini umejiwekea macho ya shetani?”

Sikuelewa. Akanivuta mkono, akanikalisha kwenye lile benchi, akamgeuza Malkia kidogo, ubavu wa kushoto, kama ninavyokaa mimi kwenye kigoda changu kando ya dirisha. Na hapo nikaliona shavu. Nikaiona pua niliyoicheka, na kidevu, na ule mkunjo chini ya sikio ambao mama yangu alikuwa nao pia. Mimi najijua kwa mbele tu, kwenye kioo kidogo cha kuchania nywele. Kwa ubavu sijawahi kujiona maishani. Yeye ameniona hivyo kila siku.

Nyota akanieleza, na alikuwa anasema kwa taratibu kama mtu anayemwambia mgonjwa. Kaka yake alikuwa ameshanunua kioo kikubwa kwenye duka la Wagiriki, kiko chini ya kitanda. Alitaka anikalishe mbele ya kioo hicho, nijitazame, na niweke macho yangu mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe, ili yeye asivunje mafundisho ya baba yake na mimi niwe nimejua bila kuambiwa. Baada ya hapo ndipo angesema neno lake. Nyota alikuwa anamsukuma tangu mwaka jana, naye anasema kesho, kesho. Ni mwoga, alisema Nyota, kaka yangu iko muoga sana kwa mambo ya mudomo.

Rangi ilikuwa bado mbichi. Kitambaa na mafuta ya taa vingetosha. Dakika chache tu, na uso ule ungerudi ulivyokuwa, Monsieur Lambert angeuchukua bila macho kama alivyosema, au ningeuficha nikamwambia tumeshindwa. Nyota mwenyewe alikwenda kuleta mafuta. Aliyaweka miguuni pangu.

Nami nikakasirika. Sijui kwa nini ilikuwa hasira na si kitu kingine. Nilikasirika kwamba mtu anakaa na jambo kubwa hivyo miaka yote na mdomo anao. Nilikasirika kwa ajili ya maneno yangu yote ya upumbavu juu ya makemba na lituma, na kicheko chake. Na chini ya hasira kulikuwa na kibao, nakiri, kile kibao cha Ulaya na yale macho mazuri kuliko yote niliyowahi kupaka. Nikasema macho yatabaki. Nikasema yeye angekuwa na la kusema angelisema.

Nyota alichukua mafuta yake akatoka.

Gari la Monsieur Lambert lilikuja alasiri. Alipomwona Malkia alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Akasema, c’est bien, c’est très bien, vizuri sana, sasa ni yule wa filamu. Nilisubiri aseme kama alivyosema siku ile ya kwanza, kwamba atamweka peke yake. Hakusema. Walimfungia kwenye sanduku kwa magunia na nyasi, na nilishika msumari mmoja baada ya mwingine nikiwapa.

16 Novemba

Baji imeondoka asubuhi. Sikwenda bandarini.

19 Novemba

Mvua. Nyota ananisalimu, lakini haniiti kula.

24 Novemba

Nimekaa kwenye benchi lake leo, mteja hakuna. Kutoka pale unaona kigoda changu, dirisha, na ukuta wenye picha ya Rais. Hakuna kingine cha kuangalia. Nimefikiri juu ya mtu aliyekaa hapo akikata mti na kuinua macho, akikata na kuinua, na mimi nikimwambia ananikagua. Nimelia. Nililia hata hasira yote ikaisha, na iliyokuwa chini yake sikuipenda.

1 Desemba

Amerudi. Mashua imefika saa sita. Amekonda, ndevu zimeota nyeupe. Nimempokea bandarini pamoja na Nyota, ambaye alitembea mbele yetu na mzigo wa samaki kichwani bila kugeuka. Papa Lukumani alinisimulia mazishi, alinisimulia mashua iliyokwama, watu walivyokula muhogo mbichi. Juu ya Malkia hakuuliza. Alipoingia atelye alikiona kitenge kimekunjwa juu ya meza, akakichukua, akakipeleka nyuma kwa dada yake.

2 Desemba

Ameniuliza leo, tukinywa kahawa.

“Ulimuwekea macho gani?”

“Ya sinema,” nikasema.

“Bon.” Akakoroga sukari. “Nyota alikuambia?”

“Aliniambia.”

“Mbele baji iende, ao nyuma?”

Ningeweza kudanganya. Nyota asingenisaliti, najua. Nikasema mbele, kabla haijaondoka.

Alimaliza kahawa yake yote, polepole, kama mtu aliyepewa kahawa ugenini na hataki kuiacha. Nikamwambia nisamehe, Papa Lukumani. Nikamwambia nimekosa, tena nimekosa kwa kujua, na kwamba kama macho yale yangeweza kufutika sasa, ningeyafuata kwa miguu mpaka Kinshasa. Nikamwambia sasa najua na kama ana neno, aliseme, nitalisikiliza. Sijawahi kumwambia mwanamume maneno kama hayo, hata marehemu.

“Haiko kitu, mama,” akasema.

Mama tu. Jina hakuliongeza.

5 Desemba

Kioo kikubwa kimeondoka. Nyota anasema amekirudisha dukani.

10 Desemba

Mvua zinapungua. Ameanza kipande kipya, mbwa mwenye mkia wa samaki, wa mfanyabiashara mmoja wa Mangobo. Anafanya kazi haraka kuliko zamani na anaimba kidogo. Nilifurahi kumsikia. Nilikwenda sokoni nikanunua manjano, nyeusi na kijani, nikaosha brashi zangu zote, nikajisemea labda tutarudi polepole, kazi itatuunganisha tena, mengine yatakuja yenyewe au hayatakuja.

Hanitazami tena. Benchi lake liko palepale na kigoda changu kiko palepale, lakini nikigeuka ghafla nakuta macho yake yako kwenye mti.

15 Desemba

Mbwa amekamilika. Ameniita nimwone.

Ni mzuri, pengine mzuri kuliko wote. Amelaza kichwa juu ya miguu ya mbele, mkia wa samaki umezunguka mwili. Nikaleta kigoda na rangi, nikapiga magoti kutafuta mahali palaini pa macho, na hapakuwepo. Kulikuwa na kope mbili, amezichonga kwa patasi ndogo, unywele kwa unywele, zimefungwa. Nikapapasa kwa kidole kwa sababu sikuamini.

Nikamuuliza nitapaka nini hapa.

“Hakuna ya kupaka, mama. Huyu analala.”

Alisema vizuri, bila hasira. Hata alitabasamu. Akanionyesha michoro mingine aliyoichora kwa mkaa juu ya ubao: ndege mwenye mikono, amelala. Askari wasio na vichwa hawana haja. Chui wa ukungu, amelala. Mteja wa Mangobo ameshaona na amependa, anaagiza vitatu.

Nikafunika makopo ya rangi moja moja. Mvua kidogo ilikuwa inanyesha, nikangoja ikatike, kisha nikarudi nyumbani mapema kwa sababu sikuwa na kazi.